Chuo kimetuzunguka, nyumba ina X, fidia haijulikani: tufanye nini?

SWALI: Shikamoo mzee. Naandika kutoka Mbeya. Baba alinunua shamba mwaka 1996 karibu na kilichokuwa chuo kidogo cha serikali, akajenga, na alipofariki tulimzika uani. Mama bado anaishi pale na amepangisha vyumba vinne kwa wanafunzi. Sasa chuo kimekuwa kikubwa na kinapanuka. Zaidi ya miaka miwili iliyopita walikuja wathamini, wakapiga picha, mama akasaini fomu, nyumba ikawekwa X nyekundu, tukaambiwa tusiendeleze kitu. Hela hatujaiona. Bati linavuja, tunaogopa hata kulibadilisha. Mwaka huu wamejenga ukuta uliofunga njia tuliyopita miaka yote kwenda kupanda bajaji. Upande wa pili kuna hosteli ya mtu binafsi, muziki hadi alfajiri. Na kuna dalali anasema anawanunulia chuo, tumuuzie haraka kabla hatujaondolewa bure kwa kuwa hatuna hati. Tulicho nacho ni karatasi ya mauziano yenye mhuri wa mwenyekiti. Tufanye nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na dalali, maana yeye anaweza kuwaharibia mambo kabla wiki haijaisha. Msimuuzie. Chuo cha umma kikitaka ardhi kinaandika barua yenye kumbukumbu namba, kinakuja na mthamini, na hela inapita benki. Hakimtumi mtu wa kijiweni kuja jioni na noti kwenye bahasha. Anayewaharakisha namna hiyo mara nyingi amesikia kwamba malipo yanakaribia, naye anataka kununua fidia ya mama yako kwa bei ya shamba. Akirudi, mwombeni barua ya chuo inayomtambulisha. Hamtamwona tena.

Sasa kuna swali moja ambalo hukuliuliza, na mengine yote yananing'inia hapo: chuo kinakuja kwenu kama nani? Kinakuja kama mwenye ardhi anayedai mmejenga ndani ya mipaka yake, kama mnunuzi, au kama mkono wa serikali unaotwaa ardhi kwa manufaa ya umma? Mitaani yote matatu yanaitwa "chuo kinatuondoa", lakini kila moja lina sheria yake, na mtu akichanganya anapoteza miaka akigonga mlango usio wake.

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini mkanganyiko huu una historia. Vyuo vyetu vingi havikuanza kama vyuo vikuu. Mkwawa pale Iringa ilikuwa shule, iliyojengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya watoto wa Wazungu, ikawa sekondari ya taifa, na mwaka 2005 ikageuzwa chuo kikuu kishiriki cha ualimu chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. MUST, yaani Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia hapo Mbeya, ilianza mwaka 1986 ikiwa chuo cha ufundi, ikawa taasisi ya sayansi na teknolojia mwaka 2005, na ikapanda kuwa chuo kikuu mwaka 2012. Siwataji kwa ubaya, nataka uone mwendo. Taasisi ya zamani ilipewa eneo kubwa kuliko mahitaji yake. Wanafunzi walikuwa wachache, eneo likabaki pori. Majirani wakalima mahindi, mwaka wa tatu mtu akapanda migomba, mwaka wa kumi akapiga tofali. Hakuna aliyesema kitu kwa sababu hakuna aliyeumia. Halafu idadi ya wanafunzi inapanda, inatafutwa sehemu ya maabara na mabweni, mpima anakuja na ramani ya zamani, anafukua bikoni, yaani alama ya mpaka, kwenye shamba la mahindi, na hapo ndipo ugomvi unapozaliwa. Wakati mwingine ni kinyume chake: wananchi walitangulia, na taasisi ikapimiwa juu yao bila kulipwa mtu.

Kwa hiyo kazi yenu ya kwanza ni kujua ramani inasemaje. Tangu mwaka 2020 kila mkoa una ofisi ya ardhi, huna haja ya kusafiri kanda. Nendeni pale mkaombe upekuzi rasmi, yaani kukaguliwa kwa kumbukumbu za umiliki, wa eneo la chuo, mlipie, mpewe majibu kwa maandishi. Halafu nendeni halmashauri ya jiji mkaone mchoro wa mipango miji wa mtaa wenu na ramani ya upimaji. Angalieni mambo mawili: nyumba yenu iko ndani au nje ya mpaka, na eneo la chuo lilipimwa mwaka gani. Kama lilipimwa baada ya 1996 na ninyi mko ndani, tuna hoja nzito: mlikuwapo, na aliyepima hakuwalipa.

Kama lilipimwa kabla na ninyi mko ndani, hali ni ngumu, sitakuficha. Mtaani wengi wanajifariji kwa miaka 12. Ni kweli Sheria ya Ukomo inaweka miaka 12 kwa mtu kudai ardhi yake mahakamani, lakini kukaa muda mrefu peke yake hakukupi umiliki. Mahakama ya Rufani ililisema hilo waziwazi mwaka 2018 katika shauri la Watawa wa Roho Mtakatifu, ambapo watu zaidi ya mia moja walidai eneo kwa kukaa muda mrefu, wakashindwa. Isitoshe, ukidai kwa njia hiyo unakuwa umekiri kwamba ardhi ni ya mwingine. Msiutumie huo mlango kama mna mwingine, na ninyi mnao: mlinunua, na muuzaji alikuwa na asili yake pale. Tafuteni mashahidi wa mauziano wakiwa bado hai. Jirani mzee anayekumbuka nani alikuwa akilima pale kabla ya baba yenu ana thamani kuliko mhuri wa mwenyekiti.

Kuna jambo linanipa moyo kwenye maelezo yako. Wathamini walikuja, na mama akasaini. Kwa kawaida mtu anayechukuliwa kuwa mvamizi hupewa notisi ya kuondoka, hathaminiwi. Zipo nyakati ambapo taasisi huthamini ili kutoa kifuta jasho tu, bila kukubali haki ya mtu, ndiyo maana lazima muone jedwali la fidia, ile orodha ya mali na malipo yake, linasema nini. Lakini naliona kama dalili kwamba mnachukuliwa kuwa wenye haki ya kulipwa.

Hilo la kuwa mnunuzi nilipitie haraka. Linahusu zaidi vyuo binafsi, na ukanda huu tunavyo vya kutosha, vingi vya makanisa. Chuo cha kanisa hakina uwezo wa kukutoa kwako. Kinanunua kama mtu yeyote, bei ni ya kupatana, na unaweza kukataa. Viwango vya fidia ya serikali hapo si dari yako. Na kama nyumba ni ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenzi.

Kwa kuwa chuo chenu ni cha umma na wathamini wamepita, nahisi mko kwenye utwaaji. Hapa kuna Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967, inayompa Rais mamlaka ya kuchukua ardhi kwa manufaa ya umma, na elimu imo. Kwa hiyo msipoteze nguvu kubishana kama chuo ni manufaa ya umma. Mtashindwa. Nguvu ziwekeni kwenye malipo na utaratibu, maana huko sheria inawasimamia. Katiba ibara ya 24 inakataza mtu kunyang'anywa mali bila fidia inayostahili, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia kamili, ya haki na inayolipwa kwa wakati. Kukosa hati hakuwatoi humo. Tangu shauri la Lohay Akonaay la mwaka 1994, Mahakama ya Rufani imekwishasema kwamba hata haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na Katiba.

Na hapa ndipo penye silaha yenu kubwa. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016 inasema uthamini wa fidia ukishaidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, una uhai wa miaka miwili. Fidia inatakiwa ilipwe ndani ya miezi sita. Miezi sita ikipita, deni linaanza kuzaa riba kwa wastani wa riba za benki za biashara kwenye amana za muda maalumu. Miaka miwili ikipita bila malipo, uthamini unarudiwa upya kwa bei za wakati huo. Wewe unasema ni zaidi ya miaka miwili, lakini hesabu haianzi siku walipopiga picha. Inaanza siku jedwali lilipoidhinishwa, na tarehe hiyo lazima muijue. Andikeni barua chuoni, nakala kwa mkurugenzi wa jiji, mkiomba kujua tarehe ya idhini na nakala ya ukurasa unaohusu mali ya mama. Tajeni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayokipa chuo siku 30 za kujibu. Barua ipelekwe masjala na nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa. Bila mhuri huo hamjaandika kitu.

Bati badilisheni. Zuio la kuendeleza maana yake ni kwamba ukiongeza chumba baada ya uthamini, hicho chumba hakilipwi. Sijawahi kuona sheria inayomlazimisha mjane alale na sufuria chini ya tundu la dari akisubiri serikali. Pigeni picha kabla na baada, wekeni risiti, na mwambieni mtendaji wa mtaa kwa barua fupi kwamba ni matengenezo, si nyongeza.

Na mama asihame. Nalisisitiza kwa sababu watu wengi hulikosea kwa woga: posho ya usafiri, ya makazi na fidia ya faida iliyopotea hazilipwi kwa mali isiyokaliwa siku ya utwaaji. Akihamia kwa mwanawe Tunduma leo kwa kuogopa X, nyumba ikabaki tupu, amejipunguzia fidia mwenyewe.

Unataka kujua kiasi, na siwezi kukipata bila kuiona nyumba, lakini naweza kukuonyesha kinavyoundwa ili mkague jedwali lao. Kuna thamani ya soko ya ardhi, ya nyumba, na ya mazao ya kudumu: kila mparachichi, kila shina la mgomba, mianzi ikiwapo. Hesabuni wenyewe msiache kwa kijana wa mthamini aliyefika saa kumi jioni amechoka. Juu ya hapo, kwa kanuni za 2001, kuna posho ya usumbufu, ambayo ni thamani ya ardhi mara kiwango cha riba ya amana ya mwaka mmoja. Mfano tu: thamani ikiwa shilingi 30,000,000 na riba asilimia 7, usumbufu ni 2,100,000. Kuna posho ya makazi, ambayo ni kodi ya nyumba kama hiyo kwa miezi 36. Nyumba ambayo ingepangishwa 150,000 kwa mwezi inaleta 5,400,000. Kuna usafiri wa tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. Na kuna faida iliyopotea, nayo ni faida halisi ya mwezi mara 36, lakini inaweza kudaiwa hesabu zilizokaguliwa. Hapo ndipo wenye vyumba vya wanafunzi wanapokwama. Mama anapokea kodi mkononi, hakuna mkataba, hakuna risiti, hakuna kodi ya pango aliyolipa TRA. Anzeni sasa: mikataba ya maandishi na wale wapangaji wanne, kodi ipite kwenye simu au benki, na atafutwe mhasibu hata mdogo. Ukisikia neno "vyumba vya wanafunzi havihesabiwi", jua tatizo ni ushahidi.

Kaburi la baba lina sheria yake, ile ya kuhamisha makaburi ya mwaka 1969. Inawapa gharama za kufukua, kusafirisha, kuzika upya na taratibu za kimila au za dini. Hailipi uchungu. Hakikisheni kaburi limeandikwa kwenye jedwali, kwa sababu makaburi yasiyojengewa hurukwa mara nyingi. Na kaeni kikao cha ukoo mapema kuamua mtamzika wapi upya. Nimeona familia zimekubaliana na chuo kwenye mamilioni zikaja kugawanyika kwenye kaburi.

Halafu mirathi. Nauliza: mali imeandikwa kwa jina la nani kwenye fomu? Kama ni la baba, fidia haitalipwa kwa marehemu. Kama ni la mama na hajateuliwa kuwa msimamizi wa mirathi, ndugu mmoja mwenye kinyongo anaweza kusimamisha malipo siku ya mwisho. Fungueni shauri la mirathi Mahakama ya Mwanzo mkiwa na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha familia. Likianza leo, litakuwa limeiva hela ikifika.

Ulizeni pia fedha za upanuzi zinatoka wapi. Si udadisi tu. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 425 kwa mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu nchini, na MUST ni miongoni mwa wanufaika. Jengo likijengwa kwa fedha za namna hiyo, masharti ya mkopeshaji yanaongezeka juu ya sheria zetu. Hata asiye na hati analipwa nyumba na mazao yake, malipo yanatangulia kuondoka, na lazima kuwe na utaratibu wa kupokea malalamiko ya majirani. Kama lenu ni la mradi huo, tafuteni dawati la malalamiko, mpeleke barua, mpewe namba ya lalamiko. Kama ni fedha za chuo chenyewe, sahauni aya hii.

Ukuta na njia. Rudi kwenye ule mchoro wa mipango miji. Njia ikiwa imechorwa pale, chuo hakiwezi kuifunga kwa ukuta bila mamlaka ya mipango kubadili mchoro, na mabadiliko hayo yana utaratibu wa kuwashirikisha wananchi. Ikiwa haijachorwa, ilikuwa ya mazoea tu, na mazoea ni vigumu kuyathibitisha. Hapo ombeni kinachowezekana: geti dogo la waenda kwa miguu, wazi alfajiri hadi jioni, mlinzi akiwapo. Wakuu wa vyuo huogopa wizi kuliko wanavyoichukia mitaa, na geti lenye saa maalumu huwa linawatuliza. Mkiomba ukuta ubomolewe hamtapata hata geti.

Kelele za hosteli hazimhusu mkuu wa chuo moja kwa moja kwa kuwa nyumba ni ya mtu binafsi, lakini wanaopiga kelele ni wanafunzi wake. Pelekeni malalamiko kwa Mshauri wa Wanafunzi na serikali ya wanafunzi, mkitaja tarehe na saa. Mkiangalia vizuri mtaona nyingi zinafuatana na siku za bumu, yaani hela ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi. Mwenye hosteli naye ashitakiwe kwa mtendaji wa kata na ofisa mazingira wa jiji, ambao wana kanuni za kelele na mitetemo za 2015 za kusimamia. Ninyi wenyewe mnakaa na wanafunzi wanne, kwa hiyo mkienda mkisema "wanafunzi wanatusumbua" mtachekwa. Semeni hosteli ipi, muziki wa nani.

Kuna kisa cha Marekani huwa nakisimulia kwenye vikao vya mitaa. Majirani wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley walikwenda mahakamani wakisema kelele za wanafunzi zichunguzwe kama athari ya mazingira kabla ya chuo kujenga mabweni mapya. Mwaka 2023 mahakama ya rufani ikawakubalia. Mwaka huohuo bunge la jimbo likabadili sheria, na mwaka 2024 mahakama kuu ya jimbo ikakipa chuo ushindi. Huko New York, mahakama ya juu ya jimbo iliruhusu mwaka 2010 utwaaji kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Columbia kupanuka Harlem Magharibi, lakini mwaka mmoja kabla yake wenyeji walikuwa wamekwishasaini mkataba wa dola milioni 150 za manufaa ya mtaa. Majengo yalijengwa kote kuwili. Tofauti ni nani alikuwa na karatasi yenye saini.

Ninyi si Harlem, lakini mtaa wenu una nyumba nyingine zenye X. Itisheni mkutano kupitia mwenyekiti wa mtaa, chagueni watu watano wasio na jazba, na ombeni kikao kimoja na uongozi wa chuo chenye muhtasari uliosainiwa na pande zote. Mambo ya kuomba yanajulikana: tarehe ya malipo, geti, maji ya mvua ya kwenye mapaa yao yasielekezwe mtaani, na vibarua wa ujenzi watoke mtaani. Msiombe zaidi ya hayo kikao cha kwanza.

Mahakama iwe ya mwisho, na mkifika huko msikosee mlango. Dhidi ya chuo cha umma, tangu marekebisho ya 2020, mnatakiwa kutoa notisi ya siku 90 kwa chuo, nakala kwa Mwanasheria Mkuu na Wakili Mkuu wa Serikali, kisha mfungue Mahakama Kuu mkimuunganisha Mwanasheria Mkuu. Mbeya na Iringa zote zina Mahakama Kuu. Mashauri mengi ya wananchi yametupwa si kwa kukosa haki, bali kwa kukimbilia baraza la ardhi siku ya pili baada ya kuona greda. Kama hamna uwezo wa wakili, ulizieni msaada wa kisheria wa bure kwa ofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri.

Fanyeni upekuzi na ile barua ya siku 30 kwanza. Nitumie majibu ya vyote viwili, na picha ya fomu aliyosaini mama, pande zote mbili. Kama alisaini ikiwa tupu, niambie hilo pia, maana hapo barua ya pili itaandikwa tofauti. Msalimie mama, mwambie asiguse ile X. Akiifuta watasema anaficha.